Upepo wa Kukaushia Nguo

Bendera hufuata upepo, nilifundishwa,
nikaamini kila kilichosimama kitafuata.
Mpaka nikaletwa Workington, mwezi wa tatu,
kutazama dohani ya kiwanda cha karatasi:
upepo unatoka baharini, magharibi,
yenyewe inayumba kaskazini, kusini,
kaskazini, kusini,
kama mtu anayekataa kwa kichwa.

Meneja alinisimulia dhoruba za Januari.
Vigae viliruka, uzio wa shule ulilala chini,
dohani haikutikisika. "Basi ni msingi," akasema.
Tukachimba. Msingi mzima.

Aliyejua ni Bi. Enid Tallentire, nyumba namba kumi na nne,
ng'ambo ya ukuta wa kiwanda.
Vikombe vyake vikianza kugongana kabatini
alitia alama kwenye kalenda ya duka la nyama,
kwa penseli, msalaba mdogo.
Nikazilinganisha siku zile na rekodi za upepo.
Hakuna dhoruba hata moja.
"Hizo ni siku zangu za kufua," akasema.
"Upepo mzuri. Shuka hukauka kabla ya saa sita."

Nikamwomba sinia, maji, na pilipili manga.
Nikanyunyiza. Nikasimamisha mpini wa mwiko,
nikauburuta polepole, mstari ulionyooka.
Tazama nyuma, nikamwambia, si mbele.
Nyuma ya mpini maji hayakujua namna ya kuungana tena:
kizingia kikachomoka kushoto, kikajikunja, kikabaki;
kingine kulia, kikizunguka kinyume chake;
kushoto tena; kulia;
safu mbili za nyayo za kitu kisicho na miguu.
Na mkononi nilihisi mpini ukivutwa pembeni,
kidogo, ukirudishwa, kidogo.
Kitu butu hakipasui mkondo kama kisu.
Huuacha ukitapatapa.

Hesabu yake fupi. Upana mita moja na nukta nane,
upepo mita tisa kwa sekunde:
vizingia huchomoka jozi moja kila sekunde,
na dohani, ukiigonga, nayo hupenda sekunde moja.
Hapo ndipo.
Upepo wa mita ishirini hupiga makelele nje ya zamu.
Huu mpole husukuma kama msukuma bembea,
haba, ikirudi, haba tena,
na kibaba kinachojaa ni cha chuma.

Bi. Enid alikaa kimya, mwiko ukichuruzika.
Kisha: "Nina wana wawili. Clifford yuko Hull,
hupiga simu Jumapili: Mama, uza nyumba.
Norman yuko Barrow, hupiga Jumatano: Usiuze.
Hakuna hata mmoja anayenisukuma kwa nguvu."
Akafuta pilipili kwa kitambaa.
Sikuwa na fomula ya hilo. Nikanywa chai.

Mwezi wa sita wachomeleaji wakapanda.
Mapezi matatu ya chuma wakayazungusha thuluthi ya juu,
mshazari, kama ukili ukipanda ubavu wa kikapu.
Hayakuongeza nguvu. Yalivuruga makubaliano:
kila kimo sasa huachia kizingia chake kwa wakati wake,
huku kimechomoka, kule bado,
na wasioimba pamoja hawatikisi ukuta.
Si bure, niliandika kwenye ripoti.
Upepo sasa unaisukuma dohani kwa mbele
kuliko zamani; inainama, unywele, kuelekea mjini.
Bendera basi, kidogo.

Septemba nikapata bahasha. Kurasa tatu za kalenda,
mahali pa misalaba peupe,
ila Jumapili na Jumatano zimetiwa nukta,
zikipokezana, zikipokezana,
hadi tarehe kumi na tisa Agosti, zinapokoma.
Chini yake, kwa penseli ileile:
Nimewaambia wote wawili wapige Ijumaa, saa moja usiku.
Mmoja hukuta laini ina mtu.